Kinywa cha Bi Mwanamvua

Bi Chausiku alikufa na bangili ya kijani mkononi. Waosha maiti walimvua, wakampa mumewe, na siku ya hitima mzee yule alinivuta pembeni ya turubai akanionyesha. Ilikuwa bado inawaka.

"Kijani mwaka huu," akaniambia. "Kijani mwaka jana. Sasa wewe Zawena si ndiyo kazi yako hiyo? Nieleze. Mke wangu kinywa kimemuoza mpaka shavu likatoboka, na kitu hiki chasema mzima. Kafa na nini?"

Nilimwambia nitafuatilia. Sisi watu wa ofisini tukikosa la kusema husema tutafuatilia.

Maana kila mtu Tanga alijua inavyokwenda. Angalau mara moja kwa mwaka unaingia kwenye kibanda cha Jicho, sokoni au kwenye zahanati, unafungua kinywa. Mkono mwembamba wa mashine unakuja na brashi, unapangusa chini ya ulimi na ndani ya mashavu, unapaka kwenye kioo. Hadubini iliyomo humo inapiga picha, na Jicho linasoma. Bangili ikigeuka kijani, unakwenda zako nyumbani. Ikigeuka nyekundu, gari la hospitali linakuja lenyewe kukuchukua ukachomwe sindano. Sindano ile ilikuwa neema kwelikweli: inaziua seli mbaya zikiwa bado changa, na mtu anaishi. Lakini kikishakuwa kivimbe kigumu haifanyi kitu. Unarudishwa kwenu ukaagane na watu.

Kwa hiyo kila kitu kilining'inia hapo tu, Jicho lione mapema. Madaktari waliokuwa wakisoma seli kwa macho yao walikuwa wamestaafu au wamekufa, na hakuna kijana aliyehangaika kujifunza kazi ambayo mashine inaimaliza kabla hujafunga mdomo. Mimi cheo changu kilikuwa mkaguzi wa Jicho. Cheo kizuri kukitaja harusini. Ukweli ni kwamba nililipwa kukaa kwenye chumba chenye baridi na kukubaliana na mashine.

Asubuhi iliyofuata nikaita picha ya mwisho ya Bi Chausiku ikajaa ukutani.

Huhitaji udaktari kuona kilichokuwepo. Seli nzima ya kinywa ni kama chapati iliyodondoshewa punje moja ya choroko katikati. Punje hiyo ndiyo kiini. Seli ikiharibika kiini kinavimba, kinakuwa cheusi, kinaila chapati yote. Za Bi Chausiku zilikuwa zimeliwa. Zilijikusanya pale katikati ya picha, viini vimefura, hazikujificha hata kidogo. Na chini yake Jicho lilikuwa limeandika: salama. Tena halikuwa na wasiwasi wowote.

Nikaliuliza lilikuwa linatazama wapi.

Hilo linawezekana. Unaiamuru mashine imwage rangi ya njano juu ya sehemu ya picha iliyoisukuma kuamua. Ni muhimu kuelewa kwamba hakuna mtu aliyewahi kuifundisha seli ni nini. Mashine za namna hii hazifundishwi kwa maneno. Unaipa mafungu mawili ya picha, unaiambia hili la wagonjwa, hili la wazima, tafuta wewe mwenyewe kinachoyatenganisha. Inazipitisha picha kwenye chekecheke juu ya chekecheke: la kwanza linashika mistari, linalofuata linashika miviringo, na kule ndani kabisa linashika vitu ambavyo hata aliyeiunda hawezi kuvitaja. Ikikosea inajirekebisha, inarudia, mpaka ikome kukosea. Kinachoitenganishia mafungu yake kwa urahisi zaidi, hicho ndicho inachokiamini.

Njano haikuzigusa seli. Ilitua pembeni, chini kushoto, juu ya vijichembe vyeusi ambavyo ningedhani ni uchafu wa kioo. Nikavikuza. Vilikuwa na kingo kali, vimevunjikavunjika.

Mkaa. Niliutambua kwa sababu asubuhi ileile, kabla ya kutoka kwangu, mimi mwenyewe nilikuwa nimesugulia meno.

Mwanamke wa kwetu hafungui kinywa mbele ya watu bila kukisugua. Tunafundishwa tukiwa wari, ndani, kwenye unyago, na somo anayetufunda: mkaa uliotwangwa na chumvi, kidole mpaka nyuma ya magego, kisha kusukutua kwa maji ya karafuu. Na miaka ile ilipokusanywa picha za kulifundishia Jicho, fungu la wagonjwa lilitoka wodini, kwa watu waliokuwa na vidonda na damu kinywani, ambao wasingeweza kusugua hata kwa pamba. Fungu la wazima lilitoka majumbani. Wanawake waliambiwa kesho wanakuja wageni kuwatazama kinywa. Basi wakasugua. Wakasugua kwa heshima zote, na vumbi likabaki kwenye ufizi. Mashine ikaona jambo rahisi kuliko seli zote: penye vyeusi hivi pana uzima.

Nikachukua picha ya mgonjwa wa zamani, nyekundu isiyo na ubishi. Nikamwagia chembe za Bi Chausiku pembeni. Kijani. Nikachukua nyingine. Kijani. Nikaendelea hata nilipokwisha kuelewa, kama mtu anayebonyeza jipu lake.

Wasiosugua, wanaume wengi na wageni, Jicho liliwasoma sawasawa, maana kwao halikuwa na kingine cha kutazama ila seli. Ndiyo maana hatukugundua. Jicho lilikuwa likiokoa watu kila siku. Lilikuwa likiwaua wenye adabu tu.

*

Mhandisi Kilua, mkuu wangu, alitazama picha zote nilizomwonyesha bila kunikatiza. Si mtu mbaya. Ningependa awe mtu mbaya, ningekuwa na pa kutemea mate.

"Kulifundisha upya inawezekana," akasema mwishowe. "Lakini tunahitaji picha mpya, na watu wa kusema ipi ni ipi. Watu hao hatuna. Itabidi tuwaombe nje. Ni mwaka, pengine miwili."

"Na hiyo miaka miwili?"

"Tutawaambia waje bila kusugua. Tutatunga sababu. Taratibu, mtaa kwa mtaa."

"Na waliokwishapewa kijani? Wenye vidonda sasa hivi, wanaokaa nyumbani wametulia kwa sababu sisi tumewaambia ni wazima?"

Akavua miwani akaifuta, na haikuwa na vumbi. "Zawena, unakumbuka vibanda vilivyokuwa vinapigwa mawe? Unakumbuka walivyosema tunawaibia mate tukawaloge? Nani aliyekwenda mlango kwa mlango kuwaambia Jicho halikosei?"

Ni mimi niliyekwenda. Mimi na somo wangu.

"Ukitangaza leo kwamba linakosea, kesho hakuna atakayefungua kinywa, hata wale ambao lingewaona. Hao nao watakufa. Utawabeba wewe?" Kisha akashusha sauti, "Una mtu wako mwenye dalili?"

Nikamkumbuka somo wangu, aliyeacha kula vitu vigumu, nikatazama mlango, na akaelewa.

"Basi mlete. Asisugue siku mbili, mlete, apate nyekundu, achomwe. Kimya kimya. Ningekuwa wewe ningefanya hivyo."

*

Bi Mwanamvua ndiye somo wangu: alinicheza unyago mimi, akamcheza dada yangu, na ukipita Ngamiani nzima utapata tabu kumpata mwanamke wa umri wangu ambaye hakupita mikononi mwake. Neno lake halikuwa na rufaa. Tuliposhindwa kuwashawishi wanawake waingie vibandani, yeye ndiye aliyejifunga kanga kiunoni akaingia wa kwanza, watu wanamtazama, akatoka na kijani chake akiringa kama bibi harusi. Toka siku ile hatukurushiwa jiwe tena.

Nilimkuta barazani anakunywa uji.

"Siku hizi uji tu, Somo?"

"Meno ya utu uzima, mwari wangu. Kaa. Mbona umekonda? Huko kwenye baridi lenu hamli?"

"Nataka nikutazame kinywa."

Akaweka bakuli chini, akainuka. "Ngoja nikasugue."

"Usisugue."

Alinigeukia nikajiona nimerudi ndani, msichana, na kanga kichwani. "Wataka kunitazama kinywa kichafu? Mimi? Nani kakufunza adabu hiyo, maana si mimi."

"Nakuomba, Somo. Leo tu."

Alifungua nusu, kiganja kikiwa tayari kufunika. Chini ya ulimi palikuwa na kidonda cheupe, kadiri ya punje ya kunde. Nilikibonyeza kwa kijiti kando yake. Kilikuwa bado laini. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, maana laini maana yake sindano bado ingemfaa.

Nikamweleza yote. Nilieleza vibaya, narudi nyuma, naruka mbele, nachanganya mkaa na mafungu ya picha. Lakini Bi Mwanamvua kafundisha watu maisha yake yote, anajua kumsikiliza mtu asiyejua kueleza. Nilipomaliza uji ulikuwa umeota utando.

"Chausiku nilimsugua mimi," akasema. "Alikuja hapa siku moja kabla ya kupimwa. Kidole hakiingii, kinywa chamuuma, alia. Nikamwambia jikaze mwanangu, waenda mbele ya watu. Nikamsugua mimi kwa mkono wangu mpaka pakawa safi."

"Si kosa lako. Ni letu sisi."

"Sikukuuliza la nani."

Nikamwambia kuna njia mbili. Ya Kilua: aje kesho kutwa bila kusugua, apate nyekundu, achomwe, apone, na hakuna ajuaye. Au yangu: aje mbele ya wanawake wote, kibanda cha soko la Makorora. Apimwe bila kusugua, waone nyekundu. Kisha asugue palepale, apimwe tena, waone kijani. Mtu yuleyule, kinywa kilekile, saa ileile. Maana kwa maneno matupu wasingeniamini. Nilikuwa nimetumia miaka kuwafundisha wasiamini maneno ya mtu yeyote, wala maumivu yao wenyewe, bali Jicho. Basi Jicho lijikatae lenyewe mbele yao.

"Watajua naumwa," akasema.

"Watajua."

"Wataniona na kinywa kichafu."

"Ndiyo, Somo."

Akainua bakuli, akautazama uji, akaurudisha. "Sasa ulidhani nitakwenda kwa siri nipone mimi, halafu Bi Sikudhani hapo jirani afe na kijani chake? Nitawatazamaje?"

Nilijua atasema hivyo kabla sijamuuliza. Ndiyo maana nilimuuliza. Ningeweza kumchukua kimya kimya siku ile, na leo angekuwa hai akinitukana kwa kuchelewa kumsalimu. Lakini nilikuwa nimebeba ukweli mkubwa na nilitaka kuutua mbele ya watu wengi. Kila nikilitazama jambo hili naona bado sijui kama lilikuwa kosa, na kutojua huko ndiko kunakonila.

*

Siku yenyewe uwanja wa kibanda ulijaa mpaka kwenye meza za nyanya. Bi Mwanamvua kawaita, nani abaki nyumbani? Yeye mwenyewe alikuja kaziba mdomo kwa upindo wa kanga. Hakuwa amesugua toka juzi. Watu waliomwamkia aliwaitikia kwa kichwa tu, na nilivyomjua, aibu ile ilimuuma kuliko kidonda.

Akaingia, mlango ukiwa wazi ili waone. "Karibu, mama," Jicho likasema kwa ile sauti yake ya kistaarabu. "Fungua kinywa." Brashi ikaingia, ikatoka. Tukasubiri.

Bangili ikageuka nyekundu.

Bi Mwanamvua aliitazama bangili yake. Alikuwa anajua, nilikuwa nimemwambia yote, na kidonda chenyewe kakiona kwa kioo. Lakini kuambiwa na mimi na kuambiwa na Jicho havikuwa kitu kimoja. Akakaa chini mlangoni pale, na wanawake wakaanza kulia. Gari la hospitali likaingia uwanjani lenyewe, likafungua mlango, likasimama linamngoja.

"Msilie!" nikapaza sauti. "Ngojeni kwanza, tazameni!"

Nikampa kikopo cha mkaa na chumvi. Akauchota haraka, mwingine ukamwagika kifuani. Lakini kidole kilipoingia kinywani kilijua njia: juu, chini, nyuma ya magego, chini ya ulimi. Akasukutua kwa maji ya karafuu, akatema, akajipangusa. Nikamsaidia kuinuka.

"Karibu, mama. Fungua kinywa."

Safari hii hatukusubiri sana.

Bangili ikageuka kijani. "Hongera, mama," Jicho likasema. "Uko salama." Gari likafunga mlango wake, likarudi kinyumenyume, likaondoka. Nilijua litaondoka, Jicho hufuata kipimo cha mwisho. Sikujali. Kesho asingesugua, tungekuja tena, lingemchukua.

Nikawageukia wanawake. Moyo ulikuwa unanipiga kwa furaha, nasema ukweli, furaha. Miaka yote ile nimekaa na kukubali, na sasa nimewaonyesha kitu kwa macho yao.

"Mmeona?" nikasema.

"Tumeona!" wakaitika.

Na vigelegele vikapasuka. Vilianzia nyuma, kwenye meza za nyanya, vikaja mbele, mpaka sikusikia sauti yangu mwenyewe. Bi Sikudhani alinipita mbio akamkumbatia Bi Mwanamvua, wote wawili wanalia. "Kapona!" akapiga ukelele. "Jamani, kapona! Tumeona wenyewe! Kaingia mgonjwa katoka mzima!"

"Hapana!" nikasema. "Si mkaa unaoponya! Mashine inauona mkaa, haiwaoni nyinyi! Nisikilizeni!"

"Twakusikia, dada!" akanijibu mmoja, mchangamfu, macho yamemjaa machozi. "Mkaa! Nani ana mkaa hapa?"

Hapakuwa na shida ya mkaa. Soko zima lapikia mkaa. Dakika hiyohiyo wanawake walikuwa wanautwanga kwa mawe, chumvi inapita mkono kwa mkono, bombani wamepanga foleni wanasugua na kutema povu jeusi. Wengine walisugua mpaka damu. Nikawashika mikono, mmoja mmoja. Niliwaambia kuhusu mafungu ya picha, nikawaambia kuhusu Bi Chausiku. "Chausiku hakusugua vizuri, maskini," mwanamke mmoja akaniambia kwa huruma, kama anayenipa pole.

Nikaenda kwa Bi Mwanamvua. Yeye alikuwa anaelewa. Barazani kwake alielewa kila neno.

"Somo, waambie. Wewe watakusikiliza."

Alikuwa kaketi kwenye kreti la soda, bangili kaishika kwa mkono wa pili kama anaipasha moto. Alinitazama kwa mapenzi ambayo sikuwahi kuyaona usoni kwake.

"Mwari wangu," akasema, "imezimika nyekundu. Umeiona?"

"Ni mkaa, Somo. Nilikwambia. Kidonda kipo."

"Hakiumi sasa."

"Ni karafuu hiyo, inatia ganzi. Kesho usisugue, nitakuja kukuchukua. Kesho tu, Somo. Nakupigia magoti."

Akatikisa kichwa pole pole. "Nilipoiona ile nyekundu nilikufa, Zawena. Nilikufa pale chini, mbele ya wanangu. Sasa wataka nirudi tena huko? Niende na uchafu kinywani, kusudi linione mgonjwa? Mtu hujitafutia ugonjwa?" Akanishika shavu. Kiganja chake kilikuwa cheusi. "Usiogope. Siku ile ulipozungumza nyumbani uliniogopesha sana, lakini leo nimeona mwenyewe. Mungu akulipe."

Nikapiga magoti kweli, kwenye matope ya bomba. Watu waliokuwa karibu walidhani nashukuru, wakaanza vigelegele upya. Nyuma yangu Jicho lilikuwa likiwapokea mmoja baada ya mwingine, karibu, mama, fungua kinywa, hongera, mama, na kila aliyetoka aliinua mkono juu wenzake waone rangi.

Bi Mwanamvua akainuka kwenda kuwasaidia wale wa bombani, maana msichana mmoja alikuwa anasugua ovyo. Akamshika kidole. "Mpaka chini ya ulimi, mwanangu," akamwambia. "Hapo ndipo watu wanaposahau." Kisha akanigeukia akacheka, kinywa wazi, bila kukiziba kwa kanga, kwa mara ya kwanza siku ile. Nikakiona kidonda. Kilikuwa palepale, kimesuguliwa kikawa safi kabisa.